Kununua Kompyuta Toleo Jipya la Mfumo Endeshi Linapokaribia

Kila mwaka, kati ya mwisho wa Agosti na Oktoba, maduka ya kompyuta ya Kenyatta Avenue jijini Nakuru na ya Oginga Odinga Street jijini Kisumu huwapokea wazazi walioandamana na watoto wao wanaojiunga na vyuo vikuu vya Egerton, Maseno au Masinde Muliro. Hayo ndiyo majira ambayo kampuni kubwa huzindua mifumo endeshi yao mipya, yaani programu kuu zinazoendesha kompyuta, kama Windows ya Microsoft na macOS ya Apple: mnamo 2025 macOS Tahoe ilitolewa tarehe 15 Septemba, na toleo la Windows 11 linaloitwa 25H2 likafuata tarehe 30 ya mwezi huo huo. Mzazi aliyekwisha kutenga pesa hujiuliza iwapo anunue leo au asubiri kidogo, na mara nyingi anayemjibu ni muuzaji mwenye hamu ya kuondoa mashine iliyo rafuni.

Kwa maoni yangu, tarehe ya uzinduzi haina uzito ambao watu huipa. Linalofaa kuchunguzwa ni kama mashine yenyewe imo katika orodha ya zile zitakazopokea toleo jipya, na orodha hiyo huchapishwa miezi kadhaa kabla ya toleo kufika. Windows 11 ilitangazwa tarehe 24 Juni 2021 pamoja na masharti yake, ilhali ilianza kusambazwa tarehe 5 Oktoba. Apple nayo hutangaza kila Juni, katika mkutano wake wa waunda programu, mashine zitakazokubaliwa na zitakazoachwa. Kwa hivyo anayenunua mwezi wa Agosti hana haja ya kubahatisha, kwa kuwa majibu yamekwisha kuwekwa wazi na anachohitaji ni kuyasoma kabla ya kutoa M-Pesa.

Kungoja kunasaidia lini

Zamani kungoja kulikuwa na maana ya pesa, kwa sababu toleo jipya la Windows liliuzwa kando. Ndiyo maana Microsoft ilipokaribia kutoa Windows 7 tarehe 22 Oktoba 2009, ilibidi iwaahidi waliokuwa wakinunua kompyuta zenye Vista, toleo lililoitangulia, kuanzia tarehe 26 Juni mwaka huo kwamba wangepata toleo jipya bila kulilipia, la sivyo mauzo ya miezi hiyo yangesimama. Mambo yalibadilika baadaye. Toleo jipya la macOS limekuwa likitolewa bure tangu 2013. Windows 10, iliyotoka tarehe 29 Julai 2015, iliwafikia bure wengi waliokuwa na Windows 7 na 8. Na kompyuta yenye leseni halali ya Windows 10 huhamia Windows 11 bila malipo, mradi itimize masharti na ibaki katika daraja lake, yaani Home kwa Home na Pro kwa Pro.

Hali moja tu ndiyo inayonifanya nimshauri mtu asubiri kwa dhati, nayo ni pale kampuni inapotangaza kwamba inabadilisha aina ya prosesa, yaani chipu kuu inayofanya kazi zote za kompyuta. Apple ilisema mnamo Juni 2020 kwamba itaacha prosesa za Intel na kuweka zake yenyewe, na Novemba mwaka huo ikatoa MacBook Air yenye chipu ya M1. Aliyenunua MacBook Air ya Intel iliyotoka Machi 2020 alikuwa na mashine mpya kabisa mkononi, lakini toleo la mwisho aliloweza kupokea ni Sequoia la 2024, huku mashine ya M1 iliyotoka miezi minane tu baadaye ikiendelea na Tahoe bila tatizo. Tukio la namna hiyo si la kila mwaka. Katika miaka ya kawaida, toleo jipya huja na vidirisha vilivyopakwa rangi upya na vitufe vilivyohamishwa, na mwanafunzi anayeanza masomo Jumatatu hapaswi kukaa bila kompyuta kwa ajili ya mapambo hayo.

Kuna kishawishi kingine cha kungoja, au cha kulipa zaidi, ambacho sikubaliani nacho. Tangu Juni 2024 zimekuwa zikiuzwa kompyuta zenye jina la Copilot+, ambazo Microsoft huzitaka ziwe na kichakataji maalumu cha akili unde pamoja na RAM (kumbukumbu ya kazi) ya angalau gigabaiti 16. Ni mashine nzuri, lakini Windows 11 ya kawaida haihitaji kichakataji hicho, na baadhi yake hutumia prosesa za Snapdragon badala ya zile zilizozoeleka za Intel na AMD, hivyo printa ya zamani ya ofisini huenda ikakosa draiva, yaani programu ya kuiunganisha na kompyuta. Mwenye kazi ya kuandika tasnifu, kuandaa hesabu za duka au kufundishia hatapoteza chochote akiziruka.

Soma prosesa, usisome kibandiko

Mnamo 2006, kabla ya Vista kutolewa kwa umma tarehe 30 Januari 2007, kompyuta nyingi ziliuzwa zikiwa na kibandiko kilichosema kwamba zinaiweza Vista. Baadaye wanunuzi walitambua kwamba baadhi yake ziliweza tu kuendesha daraja la chini kabisa, lisilokuwa na ule mwonekano mpya uliotangazwa kila mahali, na kesi ikafikishwa katika mahakama ya Seattle nchini Marekani. Tangu hapo nimezoea kuwaambia watu kwamba kuuliza kama mfumo "unaingia" hakutoshi, kwa sababu fundi stadi anaweza kuuingiza karibu popote. Swali ni kama mtengenezaji wa mfumo anaitambua mashine hiyo na ataendelea kuipelekea masasisho.

Kwa Windows 11, Microsoft inataka prosesa iliyo katika orodha yake, RAM ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64, kuwashwa salama kwa njia ya Secure Boot, na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Masharti mawili ya mwisho mara nyingi yamo ndani ya mashine ila yamezimwa, na huwashwa katika mipangilio ya BIOS, programu ya msingi inayowaka kabla ya Windows. Prosesa haiwashwi, ama inafaa au haifai, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapokwama.

Kwa prosesa za Intel Core, kizazi husomwa katika nambari inayofuata kistari. i5-7300U ni ya kizazi cha saba, na i5-8350U ni ya kizazi cha nane. Nambari ikianza na 10, 11, 12 au 13, kama ilivyo kwa i5-10210U au i5-1135G7, tarakimu mbili za kwanza ndizo kizazi. Orodha ya Windows 11 huanzia kizazi cha nane, ukiondoa prosesa chache sana za kizazi cha saba ambazo hutazikuta kwa urahisi katika maduka yetu. Kwa AMD majina hudanganya zaidi: Ryzen 5 2600 ya kompyuta ya mezani imo katika orodha, lakini Ryzen 5 2500U ya kipakatalishi haimo, ingawa zote huanza na 2. Ukikutana na Ryzen, tafuta nambari yake kamili katika orodha ya Microsoft kwa simu yako ukiwa pale pale dukani. Vivyo hivyo kwa vipakatalishi vidogo vya bei nafuu: Celeron N4020 inakubaliwa, Celeron N3350 inakataliwa.

Vipakatalishi hivyo vidogo vina kasoro nyingine ambayo haiandikwi kwenye karatasi ya bei. Vingi vina hifadhi ya gigabaiti 64 iliyochomelewa kwenye bodi, kiasi ambacho kinatimiza sharti kwa kulisoma tu. Mwanafunzi akiisha kuweka programu zake na video chache za masomo, toleo jipya linapofika hukosa nafasi ya kuwekwa, na hakuna diski ya kubadilisha. Nisingemnunulia mtoto wangu mashine yenye chini ya gigabaiti 256 za SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka) na RAM ya gigabaiti 8, na ningehakikisha kwamba RAM inaweza kuongezwa, maana mahitaji ya mifumo endeshi kwa kawaida huongezeka.

Kwa anayenunua Mac iliyotumika, fungua menyu ya tufaha na uchague maelezo ya mashine. Ukiona imeandikwa "Chip" ikifuatwa na Apple M1 au nambari kubwa zaidi, uko salama. Ukiona "Processor" na jina la Intel, fahamu kwamba Tahoe ndilo toleo la mwisho kwa mashine zote za Intel, na hata hilo linakubali aina nne tu za Intel, zilizotoka 2019 na 2020. Muuzaji akikuambia kwamba ni MacBook Air ya 2020 hajakueleza lolote, kwa sababu mwaka huo zilitoka mbili, moja ya Intel na moja ya M1.

Mashine za ex-UK

Sehemu kubwa ya kompyuta zinazouzwa Nakuru, Kisumu na Kakamega ni zile zilizokuwa za kampuni na shule za Ulaya, zinazojulikana sokoni kama ex-UK. Sina neno baya kuzihusu. HP EliteBook au Lenovo ThinkPad iliyotunzwa vizuri hudumu kuliko mashine mpya ya plastiki ya bei hiyo hiyo. Hata hivyo, mnunuzi afahamu kwamba masharti ya Windows 11 ni mojawapo ya sababu za mashine nyingi za namna hiyo kuuzwa na wenyewe. Windows 10 iliacha kupokea masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kampuni zilizokuwa na kompyuta za kizazi cha sita na cha saba zilikuwa na sababu nzuri ya kuziondoa. Kwa mfano, EliteBook 840 G3 kwa kawaida huwa ya kizazi cha sita na G4 ya kizazi cha saba. G5 nyingi ni za kizazi cha nane, ila zilitengenezwa pia zenye prosesa za kizazi cha saba, kwa hivyo jina la modeli pekee halitoshi.

Ukieleza wasiwasi huo utajibiwa, "Hii tayari iko na Windows 11, mama, usijali." Na kweli itakuwa nayo. Kuna programu zinazoruka ukaguzi wa masharti wakati wa kuweka mfumo, na mafundi huzitumia kila siku. Microsoft imesema wazi kwamba mashine isiyotimiza masharti haina uhakika wa kuendelea kupokea masasisho, na toleo jipya la kila mwaka huenda lisiingie hadi fundi arudie hila ile ile. Kwa mwenye kompyuta moja ya kutazamia filamu hilo si janga. Kwa mwenye cyber anayefungua akaunti za iTax na eCitizen za wateja, ningesema asiikubali kamwe.

Kabla ya kulipa, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, kisha uandike maneno yafuatayo, moja baada ya jingine. Neno "winver" litaonyesha toleo lililomo, "msinfo32" litaonyesha prosesa na hali ya Secure Boot, na "tpm.msc" litaonyesha kama chipu ya usalama ipo na ni ya toleo 2.0. Maliza kwa "slmgr /xpr", ambayo hutoa kidirisha kinachoeleza kama leseni imeamilishwa (yaani imethibitishwa) kwa kudumu au itakwisha tarehe fulani. Ikionyesha tarehe ya kwisha, elewa kwamba uamilisho huo ni wa aina inayotegemea seva ya kampuni, ambao hudumu siku 180 na kutaka kuhuishwa. Ama ni mabaki ya mwenye mashine wa zamani, ama ni uamilisho wa kughushi uliowekwa na fundi. Katika hali zote mbili, wewe huna leseni.

Omba pia mashine ifutwe na kuwekwa upya mbele yako, kisha iunganishwe na intaneti. Jambo hili huchukua muda, na wauzaji hawalipendi, lakini kompyuta ambayo kampuni ya zamani haikuiondoa katika usajili wake itakuonyesha jina la kampuni hiyo na kukutaka uingie kwa akaunti ya kazi usiyokuwa nayo. Ni afadhali ujue hilo ukiwa bado na pesa zako. Hakikisha vilevile kwamba BIOS haina nywila, kwa kuwa bila kuingia humo hutaweza kuwasha TPM wala Secure Boot siku utakapozihitaji.

Risiti iandikwe nini

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ambayo ni Sura ya 31 ya Sheria za Kenya, humlinda mnunuzi anayemweleza muuzaji kusudi la bidhaa na kutegemea ujuzi wake, kwa kuchukulia kwamba bidhaa inapaswa kufaa kwa kusudi hilo. Sheria hiyo hiyo hulegeza kinga hiyo pale mnunuzi anapoagiza kitu mahususi kwa jina lake la kibiashara. Ndiyo maana usiingie dukani na kusema tu kwamba unataka EliteBook. Sema kwamba unataka kompyuta itakayopokea masasisho rasmi ya Windows 11, sema hivyo kwa ujumbe wa WhatsApp kabla ya kwenda, na uombe maneno hayo yaandikwe kwenye risiti pamoja na nambari kamili ya prosesa, nambari ya mashine, na muda wa waranti. Muuzaji mwaminifu hatasita, na anayesita amekusaidia kuamua.

Ikiwa mfukoni hamna pesa za kutosha kununua kizazi cha nane, bado kuna njia. Microsoft imeweka mpango wa masasisho ya usalama ya ziada kwa Windows 10 unaofikia tarehe 13 Oktoba 2026 kwa watumiaji wa nyumbani, ambao mtu hujiunga nao bila malipo akihifadhi mipangilio yake kwa akaunti ya Microsoft, au kwa dola 30. Njia ya kudumu zaidi ni Ubuntu, ambayo kila miaka miwili, mwezi wa Aprili, hutoa toleo linalotunzwa kwa miaka mitano, na huendesha mashine za kizazi cha sita bila malalamiko. Kabla ya kuichagua, mwenye kazi za kodi akumbuke kwamba fomu nyingi za iTax zinazojazwa nje ya mtandao hutumia Excel yenye makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili), na Excel yenyewe haiwekwi kwenye Ubuntu.

Siku ya kupandisha toleo

Kompyuta ikishanunuliwa, si lazima toleo jipya liwekwe siku linapotoka. Mimi husubiri wiki kadhaa ili hitilafu za mwanzo zirekebishwe, na masasisho ya usalama ya toleo ulilonalo huendelea kuja kwa muda huo wote. Kila toleo la Windows 11 la Home na Pro hutunzwa kwa miezi 24. Chagua pia msimu. Mwenye cyber asiguse mashine zake mwezi wa Juni, wakati foleni ya ritani za KRA zinazofungwa tarehe 30 inapofika mlangoni, na mwanafunzi asifanye hivyo wiki ya mitihani.

Toleo jipya hupakua gigabaiti kadhaa, na anayetumia hotspot ya simu anaweza kuamka akute bando limekwisha. Katika mipangilio ya Wi-Fi, iweke hotspot hiyo kuwa muunganisho unaopimwa ("metered connection"), nayo Windows itasita kupakua faili kubwa hadi uiruhusu. Mwenye mashine nyingi atumie programu ya bure ya Microsoft inayoandaa flashi ya usakinishaji, apakue mara moja katika flashi ya gigabaiti 8 au zaidi, kisha azipandishe zote kwa flashi hiyo. Chaja iwe imechomekwa na betri iwe imejaa, kwa sababu stima ikipotea katikati ya kazi kwenye mashine isiyo na betri nzuri, huenda isiwake tena bila fundi.

Nakili faili zako kwenye diski ya nje kabla ya kuanza. Kisha angalia kama diski ya mashine imefungwa kwa usimbaji, jambo ambalo kompyuta mpya za Windows 11 hulifanya zenyewe unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, mara nyingi bila mwenyewe kutambua. Ufunguo wa kuifungua, wenye tarakimu 48, huhifadhiwa katika akaunti hiyo. Uandike kwenye karatasi na uuweke mbali na kompyuta, kwani mabadiliko ya BIOS yanaweza kuifanya mashine iudai. Ikiwa akaunti ilifunguliwa na fundi wa duka kwa barua pepe yake, ufunguo uko kwake, na hiyo ni sababu tosha ya kufungua akaunti yako mwenyewe siku ya kwanza.

Baada ya kutoka Windows 10 kwenda 11, una siku kumi za kurudi ulikotoka kupitia sehemu ya "Recovery" katika mipangilio, kabla ya faili za mfumo wa zamani kufutwa. Tumia siku hizo kujaribu kila kifaa: printa, skana, modemu, projekta ya darasani, na programu ya hesabu ya duka. Kifaa kimoja kikikataa, tafuta draiva yake kwenye tovuti ya mtengenezaji, na usipoipata kabla ya siku ya tisa, rudi kwenye toleo la zamani.